Saa kurudi nyuma kila stima ikipotea

Yakhe, umeuliza ubadilishe nini kwenye BIOS, ile programu ya mipangilio inayoamka kabla ya Windows, maana kila stima ikipotea hapo Shela kompyuta inaamka na tarehe ya kale na haijui iwake kwa diski ipi. Usiguse kitu kwanza. Shida ni kile kibetri bapa kama sarafu kwenye ubao mama, ile bodi kuu ya kompyuta: CR2032, volti 3. Ndicho kinachotunza saa na mipangilio stima ikipotea. Changu hapa Langoni nilikikuta kimeota kutu ya kijani. Chumvi ya bahari haina adabu.

Chomoa waya wa umeme, weka kipya. Ukiwasha, bonyezabonyeza Delete au F2 uingie BIOS, rekebisha saa, tanguliza diski yenye Windows. Na kama SATA, njia ya kuunganisha diski, ilikuwa kwenye hali iitwayo AHCI, irudishe AHCI, la sivyo Windows itagoma. Na ukiona humo pa kuongeza kasi ya prosesa, kwa joto letu hili? Achana nako.