Njia ya matofali inayomegeka kila baridi

Ndugu, nimekuelewa: matofali ya njia yako hapo Minneapolis, Marekani, yalibanduka uso baridi iliyopita, na sasa unataka kuyapaka dawa ya kuzuia maji. Subiri kwanza.

Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9. Yakiwa ndani ya tofali, huumega uso wake vipande vyembamba kama magamba ya samaki. Kwa hiyo anza na maji: mwaga ndoo moja uone yanakoelekea. Njia inatakiwa iiname sentimita 2 kwa kila mita, kutoka nyumbani kwenda nje. Tofali lililodidimia ling'oe, ongeza mchanga chini, lirudishe, kisha fagilia mchanga mkavu kwenye nafasi zote hadi zijae. Yaliyomegeka badilisha; dukani omba daraja la SX, la baridi kali.

Dawa iwe ya silani, kemikali ya kuzuia maji inayopenya na kuliacha tofali lipumue, ipakwe likiwa kavu kabisa. Ile ya utando unaong'aa hufungia unyevu ndani, ikaongeza madhara.

Chumvi ya kuyeyushia barafu achana nayo, nyunyiza mchanga ili watu wasiteleze.

Matofali yakiinuka tena na tena, kasoro iko kwenye kokoto zilizo chini ya mchanga. Hapo mwite fundi, upesi zaidi kama maji yanaelekea kwenye msingi wa nyumba.