Kwa mnaoanza kupiga picha za wanyama wa nyumbani: paka, giza na mkono niliouondoa

Jana nimekaa mbele ya kompyuta ya kijana mmoja ninayemfundisha, tukapitia picha 214 za paka mmoja. Mia mbili na kumi na nne! Nimeona macho ya kijani yanayowaka kama ya jini. Nimeona mkia uliokatwa katikati, na waya wa chaja unaoota kwenye sikio la kushoto. Nimeona pia picha moja nzuri kweli, na hiyo ndiyo mwenyewe alikuwa ameshaitia alama ya kufutwa kwa sababu "ina giza sana." Nilicheka, kisha nikanyamaza. Hakukuwa na kosa hata moja pale ambalo mimi sijawahi kulifuga.

ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga), shata (mlango unaopitisha mwanga kwa muda), kufungua na kubana lenzi, faili la RAW (picha ghafi), hayo mnayajua, sitayarudia. Nawaandikia yale yanayonirudia kila kundi jipya likiingia.

1. Flashi ya kwenye kamera izimeni. Nyuma ya retina ya paka na mbwa kuna tabaka linalorudisha mwanga, ndilo linalowasaidia kuona palipo giza. Ukimulika kutoka pale pale ilipo lenzi, mwanga unakurudia wewe, na ndiyo hayo majini yenu. Ukishindwa kabisa, tumia flashi inayogeuka, uielekeze darini au ukutani. Ila mimi macho hayanikeri sana kama vivuli vinavyofutika. Katika chumba chenye mwanga hafifu kivuli kinakupangia nusu ya fremu bila kuombwa, nanyi mnakifukuza. Mmoja wenu aliniambia, "Bila flashi mandhari ya nyuma haionekani." Mandhari ipi, mdogo wangu? Ile stuli yenye rundo la nguo ambazo hazijakunjwa? Shukuru.

2. Dirisha. Kila mtu analisifu dirisha, halafu anamweka mbwa mbele yake, anapiga huku amelitazama, na mbwa anatoka mweusi kama mkaa. Liwe ubavuni. Mwanga uguse shavu moja, lile jingine lizame taratibu, na ndani ya jicho kionekane kinyota cha mwanga. Kisipoonekana, jicho linakuwa kama kifungo cha shati hata fokasi ikiwa kali namna gani. Halafu sogeeni. Mwanga wa dirisha unashuka haraka kuliko macho yenu yanavyowaambia, maana macho yanazoea na sensa, kile kipande cha kamera kinachopokea mwanga, haizoei. Kutoka mita mbili hadi mita moja utapata tofauti ya stopu nzima (yaani mwanga mara mbili) au zaidi, na ukuta ulio mbali nyuma yake utajizimia wenyewe bila wewe kuhariri chochote.

Taa ya chumbani zimeni mkitumia dirisha. Balbu ya nyumbani yenye mwanga wa manjano iko kwenye Kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 2700 hadi 3000, mwanga wa mchana uko karibu na 5500, na jioni ya mawingu inapanda zaidi. Ukivichanganya unapata paka mwenye upande wa manjano na upande wa bluu, na hakuna mizani ya weupe (namna kamera inavyosawazisha rangi) itakayowapatanisha.

Na msimhamishe mnyama! Hameni ninyi, hamisheni taa, hamisheni kiti. Paka huchangamka alfajiri na jioni, kwa hiyo saa ya mwanga hafifu ni saa yake, na mboni zake zimepanuka vizuri kuliko adhuhuri zinapokuwa kama mstari. Amekwishachagua pa kukaa. Mimi niliwahi kumbeba wangu kutoka kwenye mto hadi kwenye kiti nilichokipanga nusu saa nzima. Alikiangalia kiti, akaniangalia mimi, akaingia uvunguni. Nina picha nzuri sana ya kile kiti.

3. Msiwe wepesi wa kukata. Hapa nivumilieni, nitakaa kidogo.

Mzee mmoja jirani yangu aliniomba nimpigie picha mbwa wake. Mbwa alikuwa na miaka 14, macho yameingia ukungu, miguu ya nyuma inamchelewa. Tulikubaliana jioni, kwa sababu jioni ndipo walipozoea kukaa pamoja: Mzee kwenye kiti chake, mbwa kwenye zulia pembeni, taa moja ya mezani, na mkono wa Mzee umelala juu ya shingo ya mbwa. Nilikuwa na lenzi mpya ya f/1.8, yaani inayofunguka sana, na kichwa changu nacho kilikuwa kimefunguka kwa kiwango hicho hicho.

Nikapiga fremu moja ya kujaribia mwanga. Nikaona Mzee amevaa shati jeupe la mikono mirefu, na ule mkono uko karibu na taa, kwenye picha umeungua kabisa, yaani umebaki weupe mtupu. Jambo lililong'aa kuliko yote kwenye fremu lilikuwa pindo la mkono wa shati. Mimi nilikuwa nimefundishwa kwamba jicho la mtazamaji hukimbilia panapong'aa zaidi, na hilo ni kweli. Nikafanya hesabu ya kivivu: kinachovuta jicho, kiondoke. Nikasema, "Mzee, naomba utoe mkono kidogo." Akautoa. Akauweka gotini, ametulia, kama mtoto aliyekatazwa kugusa vyombo.

Mbwa akanyanyua kichwa. Akakigeuza kuelekea kiti, shingo ikanyooka, sikio moja likashika mwanga wa taa. Nikaona nimepata bahati ya mwaka. Nikapiga fremu kama arobaini. Nikabana fremu ndani ya kamera hapo hapo, kiti nje, Mzee nje, nikabaki na kichwa na giza. Kwa hiyo hata kama ningetaka kuipanua baadaye, hapakuwa na cha kupanua.

Waliiona wengi, wakaisifu. "Anatafakari." "Ina hisia." Nikakubali sifa zote, Mungu anisamehe. Anatafakari nini? Mbwa asiyeona vizuri ameondolewa ghafla kile kinachomwambia kwamba mwenzake yupo, naye anakitafuta. Itazameni leo mtaona: masikio yamerudi nyuma kidogo, anaangalia nje ya fremu, na nafasi yote tupu nimemwachia kisogoni. Hata kanuni ya kuacha nafasi upande anaotazama niliivunja, kwa sababu upande ule alikuwepo mtu niliyeamua kwamba anaharibu picha.

Miezi kadhaa baadaye mbwa akafa. Mzee akaja kwangu na ile picha kwenye fremu ya mbao, akaiweka mezani kwa adabu zake zote. Akasema, "Mwanangu, ni nzuri. Ila huna ile ya mwanzo, mkono wangu ukiwa pale?"

Nilikuwa nayo. Moja. Ile ya kujaribia mwanga. Niliifuta kwenye kamera dakika ile ile, kwa sababu shati lilikuwa limeungua.

Ningeweza kumwambia akunje mkono wa shati. Ningeweza kuisogeza taa shibiri moja. Ningeweza kushusha stopu moja na nusu nikaliacha zulia lizame, nani alikuwa na haja ya zulia? Kila moja ya hizo ni kazi ya sekunde kumi. Mzee hakulalamika, alikunywa maji, akaniaga, akaondoka na picha yake. Mimi nilikaa nikiichambua kadi ya kamera kwa programu ya kurudisha mafaili hadi usiku wa manane, na kadi nilikuwa nimeshaiandika upya mara sijui ngapi.

Kwa hiyo nikiwaona mnafuta kwenye kamera, mnikome. Futeni nyumbani, kesho yake, kwenye kioo kikubwa cha kompyuta. Na kabla hujamwomba mtu atoe mkono, mguu au mtoto wake, muulize mnyama anafanya nini na hicho unachokitoa.

4. Fokasi, kwa kifupi, maana nimeshazungumza sana. Lenzi ya milimita 50 kwenye sensa kubwa (full-frame), f/1.8, ukiwa mita moja, inakupa kama sentimita 4 tu zilizo kali. Ukisogea hadi sentimita 60 zinabaki kama moja na nusu. Pimeni pua ya mbwa hadi jicho lake, halafu mniambie mnategemea nini. Rudini nyuma au baneni hadi f/2.8 au f/4, na ISO ipande hadi 3200, hata 6400. Chenga, zile punje punje za ISO kubwa, mtu anazisamehe. Jicho lililotikisika halisamehewi. Aliyelala shata ya 1/60 ya sekunde inamtosha, anayecheza mpe 1/250. Na mkuze picha kwenye kioo cha kamera muone jicho, kwa sababu kwenye kioo kidogo kila picha ni kali.

5. Paka mweusi. Kipimamwanga cha kamera kinamdhania kijivu na kitamng'arisha hadi afanane na vumbi, hivyo mshusheni kidogo. Manyoya meusi hayana tofauti ya kushikwa na fokasi, basi shikeni ukingo wa jicho. Na msidai mwili wote: mstari wa mwanga kwenye sikio na macho mawili, huyo ni paka mzima. Mweupe ni kinyume chake, mpandisheni. (Wa madoadoa meusi na meupe, ombeni dua.)

6. Laleni chini, tumbo sakafuni, lenzi iwe usawa wa macho yake.

7. Mistari ya giza inayokatiza picha chini ya balbu za LED si ubovu wa kamera. Achaneni na shata ya kielektroniki (ile ya kimya), au shukeni hadi 1/100 au 1/50 kwa umeme wa hertz 50.

8. Mkia wote uingie, au usiingie kabisa.

Nirudi kwa kijana wa jana na ile picha aliyotaka kuifuta. Paka amekaa akitupa kisogo, dirisha liko kushoto, mwanga umepita juu ya ukingo wa sikio na sharubu tatu, kwingine kote ni giza tupu lenye mnyama ndani yake. Nikamwambia aondoe ile alama. Akaiondoa. Akaitazama kwa muda, akanigeukia na uso wa upole, akauliza kama anaweza kuing'arisha, kidogo tu.

Nikamnyang'anya kipanya.