Matajiri wa teknolojia na wagombea wao: niliyoyaona Pennsylvania 2024

Mleta uzi yuko Dodoma, mdogo wake anasoma kompyuta Texas, na tangu uchaguzi wa Marekani wa 2024 wamenuniana kwa sababu ya Elon Musk, bosi wa Tesla na SpaceX, na Trump. Ameuliza kwa nini mabosi wa teknolojia wanajitokeza hadharani kumpigia debe mgombea, kama kauli zao kweli zinageuza kura, na afanyeje na mdogo wake ambaye sasa hata simu hapokei. Nitajibu kwa urefu, wakuu mnivumilie. Naishi Upper Darby, nje kidogo ya Philadelphia, kazi yangu ni kuandika programu za mambo ya bima ya afya, nilipiga kura hapa kama raia, na ni mmoja wa maadmini wa grupu la WhatsApp la Waswahili tunaofanya kazi za kompyuta ukanda huu. Ugomvi wenu naujua, maana sisi tuliupata mwingi.

Ninachoamini ni hiki: tajiri wa teknolojia akimtangaza mgombea, tangazo lenyewe ndilo jepesi kuliko yote. Uzito uko kwenye pesa anazotoa, kwenye chombo anachokimiliki, na kwenye maslahi aliyonayo mbele ya serikali. Sisi tunashikana mashati kwa yale maneno mepesi, mengine yanatupita.

Musk alimtangaza Trump tarehe 13 Julai 2024, siku ile ile Trump aliyojeruhiwa sikio kwa risasi pale Butler, magharibi mwa jimbo letu. Posti ile kila mtu anaikumbuka. Mimi nakumbuka zaidi Oktoba. Kamati aliyoianzisha na kuifadhili, America PAC, ilikuja na waraka wa kusaini kuunga mkono uhuru wa kusema na haki ya kumiliki silaha. Ukimleta mtu aliyejiandikisha kupiga kura akasaini, unalipwa dola 47. Katikati ya mwezi, kwa Pennsylvania, dau likapanda hadi dola 100, na anayesaini naye anapata 100 zake. Tarehe 17 Musk alikuja mwenyewe Folsom, shule ya sekondari ya Ridley, ambayo iko kaunti hii hii ninayoishi. Tarehe 19 akiwa Harrisburg akaanza kutoa hundi ya dola milioni 1 kila siku kwa mmoja wa waliosaini.

Mwenzetu mmoja anayeendesha teksi jioni akatuma linki kwenye grupu, akauliza kama asaini, maana dola 100 ni mafuta ya siku kadhaa. Nilimwomba asome masharti kwanza. Lazima uwe umejiandikisha kupiga kura, na lazima uache jina, anwani, baruapepe na namba ya simu. Sasa angalieni kalenda: mwisho wa kujiandikisha Pennsylvania ulikuwa tarehe 21 Oktoba. Sheria ya Marekani inakataza kumlipa mtu ili ajiandikishe au apige kura. Haikatazi moja kwa moja kumlipa asaini waraka. Kwa hiyo ambaye hajajiandikisha anapata sababu ya kukimbia kujiandikisha kabla ya siku kupita, na ambaye tayari amejiandikisha, kamati inakuwa na simu yake na mlango wake. Mwendesha mashtaka wa Philadelphia, Larry Krasner, alikwenda mahakamani akidai ile ni bahati nasibu haramu. Tarehe 4 Novemba, siku moja kabla ya kura, upande wa Musk ukaieleza mahakama kwamba wanaopata milioni hawapatikani kwa bahati, wanateuliwa wawe wasemaji wa kamati. Jaji akaacha zoezi liendelee.

Nimelisimulia hili kirefu kwa sababu ndilo jibu la swali lako la pili. Simjui mtu hata mmoja hapa mtaani aliyegeuza kura kwa kusoma posti ya bilionea. Lakini ninawajua waliokuwa wamekata tamaa na siasa ambao wiki ile simu zao zilianza kulia, vipeperushi vikajaa kwenye sanduku la barua, na watu wakawagongea mlango zaidi ya mara moja. Trump alishinda Pennsylvania kwa kura kama 120,000 kati ya karibu milioni 7. Kwa pengo la namna hiyo, kumtoa nyumbani mtu aliyekuwa abaki kwenye kochi ni kazi yenye thamani kuliko kumshawishi aliyekwisha kuamua. Musk alitumia zaidi ya dola milioni 250 kwenye uchaguzi ule.

Hata hivyo sikubaliani na wanaosema alinunua urais. Hapa Upper Darby watu walikuwa wanazungumza kodi ya nyumba na bei ya vyakula kuanzia asubuhi hadi usiku, na hilo lilikuwepo kabla Musk hajatia senti. Tena miezi mitano baadaye alijaribu Wisconsin, kwenye uchaguzi wa jaji wa mahakama kuu ya jimbo. Yeye na makundi yake walimwaga zaidi ya dola milioni 20, akagawa hundi mbili za milioni moja moja jukwaani Green Bay, na tarehe 1 Aprili 2025 mgombea wake akaangushwa kwa takriban asilimia 10. Anayewaambia kwamba pesa inaamua kila kitu, mkumbusheni Wisconsin. Anayewaambia kwamba haina kazi, mwambieni aje Pennsylvania mwezi wa Oktoba wa mwaka wa uchaguzi.

Chombo ni habari nyingine. Musk aliinunua Twitter Oktoba 2022 kwa dola bilioni 44, na ilipofika 2024 alikuwa na wafuasi zaidi ya milioni 200 kwenye mtandao ambao yeye ndiye anayeamua nani arudishiwe akaunti na posti zipi zipewe nafasi. Mwenye gazeti akimpendelea mgombea, unaliona kwenye ukurasa wa mbele. Mtambo wa kupanga posti ukipendelea, huna ukurasa wa kunyooshea kidole. Hilo linanisumbua kama mtu wa programu kuliko linavyonisumbua kama mpiga kura, kwa sababu najua jinsi namba moja tu inavyoweza kubadilishwa ndani ya mfumo na mtu wa nje asijue kamwe.

Sasa swali la kwanza, kwa nini wanajitokeza. Hapa naomba mashabiki wa pande zote mbili wanisikilize. Marc Andreessen na Ben Horowitz, wawekezaji wakubwa wa California, walitangaza Julai 2024 kwamba wako na Trump, na hawakuficha sababu: sarafu za kripto, akili unde, na kodi iliyopendekezwa kwa faida ya mali ambayo mtu bado hajaiuza. Wakati ule ule kampuni yao, pamoja na kampuni za kripto Coinbase na Ripple, zilikuwa zinaichangia kamati iitwayo Fairshake. Kamati hiyo ilitumia kama dola milioni 10 kumpinga mbunge Katie Porter kwenye mchujo wa useneta California, na kama milioni 40 kumng'oa seneta Sherrod Brown kule Ohio, kwa matangazo ambayo kripto haikutajwa. Wapiga kura wa Ohio walikuwa wanaangalia matangazo ya watu wa kripto bila kulisikia neno lenyewe. Tume ya masoko ya mitaji iliyokuwa imeishtaki Coinbase Juni 2023 iliiondoa kesi Februari 2025, baada ya serikali kubadilika.

Upande wa pili, Reid Hoffman, mwanzilishi mwenza wa LinkedIn na mjumbe wa bodi ya Microsoft, alikuwa mchangiaji mkubwa wa Biden kisha Harris. Julai hiyo hiyo alisema kwenye televisheni kwamba anatumaini Harris akishinda atamwondoa Lina Khan, mkuu wa tume ya ushindani, yule aliyekuwa anazibana kampuni kubwa za teknolojia. Mimi nilimpigia kura Harris na nasema wazi kwamba kauli ile ilinikera. Mtu anamchangia mgombea wangu, na kabla kura hazijapigwa anataja afisa anayetaka aondolewe.

Hata kunyamaza kuna sababu zake. Siku 11 kabla ya uchaguzi, gazeti la Washington Post linalomilikiwa na Jeff Bezos lilitangaza halitamuunga mkono mgombea yeyote wa urais. Wasomaji zaidi ya 250,000 wakafuta usajili wao. Bezos alijitetea kwamba anataka kurudisha imani ya wasomaji kwa vyombo vya habari. Anaweza kuwa alimaanisha. Lakini ana Amazon inayouza huduma za kompyuta kwa serikali, ana Blue Origin inayosaka zabuni za roketi, na mtu mwenye mali hizo hawezi kushangaa akiulizwa.

Kama bado una shaka, kumbuka Juni 2025, Musk na Trump walipogombana mchana kweupe mitandaoni. Trump alitishia nini? Mikataba ya serikali. Musk akajibu kwa nini? Kwamba atakiondoa kazini chombo cha Dragon cha SpaceX kinachowapeleka wanaanga wa NASA kituo cha anga, kisha akarudi nyuma. Hisa za Tesla zilishuka kama asilimia 14 kwa siku moja. Novemba mwaka huo huo Musk alionekana tena kwenye karamu Ikulu ya Marekani. Wao wamepatana, lakini kwenye grupu letu wapo waliokuwa marafiki toka vyuo vya Mzumbe na Kenyatta ambao hadi leo hawasalimiani kwa ajili yao.

Kuhusu malumbano yenyewe, niliyoyaona kazini na kwenye grupu ni kwamba kupiga marufuku siasa hakutibu. Coinbase ilifanya hivyo 2020, wafanyakazi 60 hivi wakachukua kiinua mgongo wakaondoka. Basecamp, kampuni ya programu, ikafanya 2021, karibu theluthi ya watu wakaaga. Sisi tulijaribu wiki chache, watu wakahamia kwenye magrupu ya pembeni, na huko lugha ikawa chafu zaidi maana hakuna mzee wa kumwonea haya. Kilichotusaidia ni masharti mawili aliyoyapendekeza dada mmoja wa Mombasa. Ukileta kauli ya tajiri, lete na tarehe yake, skrinshoti isiyo na tarehe inafutwa. Na ukishaileta, sema huyo tajiri ana maslahi gani mbele ya serikali husika. Hilo la pili lilipunguza kelele sana, kwa sababu linamlazimisha mtu asome kabla ya kutukana, na akisoma mara nyingi anakuta bingwa wake naye ana yake.

Na yako mambo yaliyotuhusu sisi moja kwa moja ambayo ugomvi ule uliyafunika. Januari 2025 misaada ya nje ya Marekani ilisimamishwa, na Februari Musk akajisifu hadharani kwa kuibomoa USAID. Huduma za VVU kwetu Tanzania, Kenya na Uganda zilitikisika, wahudumu wakarudishwa nyumbani. Wiki hiyo hiyo kwenye grupu letu watu walikuwa bado wanabishana kama Musk ni mtu mwenye fikra pevu au tapeli. Nilitamani kulia.

Kwa hiyo na mdogo wako, usianze na Musk ni mtu wa namna gani. Anza na viza yake. Desemba 2024 Musk aliitetea H-1B, viza ya kazi ya wataalamu kutoka nje, kwa nguvu dhidi ya wafuasi wenzake wa Trump, na Trump akaegemea upande wake. Vijana wengi wa kwetu walishangilia. Septemba 2025 Trump akaweka ada ya dola 100,000 kwa maombi mapya. Pengine mdogo wako ana hofu hiyo na hajapata wa kumwambia. Mwongozo wa idara ya uhamiaji uliotoka Oktoba 2025 ulieleza kwamba ada haimhusu mwanafunzi aliyeko tayari ndani ya Marekani anayebadilisha hadhi bila kutoka. Kwa hiyo tiketi ya likizo kuja Dodoma asiinunue kabla hajaonana na ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwake, na ikibidi mwanasheria wa uhamiaji. Kama simu yako hapokei, mtumie ujumbe wa sauti umwambie hilo tu, siasa iache kwanza. Akitaka kuzungumza na mtu aliyepitia njia ya viza hadi uraia, mpe jina langu la humu, aniandikie inbox.