Nyota kutoka kama vijiti: tazama fokasi na muda kabla ya kununua kamera

Ndugu, umesema unakwenda Ziwa Magadi, kusini mwa Nairobi, na lenzi ya mm 18-55 iliyokuja na kamera, na picha zako za nyota hutoka kama vijiti, tena zimejaa chenga (vidoti vidoti vya gizani). Usinunue kamera nyingine bado.

Vijiti ni kosa la muda ambao shata huwa wazi. Ile kanuni ya kugawa 500 kwa urefu wa fokasi wa lenzi (zile mm) ili kupata sekunde inatuumiza hasa sisi wa ikweta, kwa sababu nyota zinazopita utosini kwetu ndizo zinazosogea kwa kasi zaidi angani. Tumia 300 badala ya 500. Kwenye kamera ya sensa ndogo, 18 mm huhesabiwa kama 27, basi sekunde 11. Weka f/3.5 (apacha, yaani tundu la lenzi), ISO 3200 (wepesi wa kamera kwa mwanga), RAW (picha ghafi). Picha moja itakuwa na chenga tu, kwa hiyo piga 16 mfululizo bila kugusa tripodi, kisha uziunganishe kwa Sequator, programu ya bure ya Windows. Chenga hushuka hadi kama robo.

Fokasi, yaani ukali wa picha, ndiyo inayoharibu picha nyingi zaidi. Ya otomatiki huhangaika gizani, kwa hiyo weka ya mkono na uzime kizuia-mtikisiko. Elekeza kamera kwenye Alpha Centauri, kuza skrini mara 10, zungusha pete polepole. Nyota itasinyaa mpaka iwe kitone, halafu ianze kuvimba tena. Rudi pale ilipokuwa ndogo kabisa, bandika selotepu. Ukigusa zumu baada ya hapo, fokasi imehama, anza upya.

Nenda siku za mwezi mwandamo. Katikati ya Julai, kitovu cha Njia Nyeupe huwa juu upande wa kusini kama saa tano usiku. Mwisho wa Agosti, mara giza linapoingia. Taa za Nairobi zinabaki mgongoni, na ndiyo maana kwa anga ya kusini naipendelea Magadi kuliko Ngong.

Vumbi la huko lina magadi, linakula vyuma. Usibadilishe lenzi nje. Puliza kioo kwa pampu ya mkono kabla ya kukifuta, la sivyo utakikwaruza. Ukirudi, suuza miguu ya tripodi kwa maji safi, hasa kwenye skrubu. Na usiendeshe gari juu ya ule ukoko mweupe. Chini yake ni tope.

Ukikutana na dhoruba usiku na unataka picha ya radi: ISO 100, f/8, sekunde 20, kitufe cha waya kikiwa kimefungwa ili kamera ipige mfululizo. Ung'aavu wa radi pichani hutegemea apacha na ISO, si muda, kwani mmweko wenyewe ni wa kufumba na kufumbua. Ikitoka mstari mnene mweupe usio na matawi, nenda f/11. Hesabu sekunde kutoka mmweko hadi ngurumo. Zikiwa chini ya 30, radi iko ndani ya kilomita 10: iache tripodi ilipo, ingia garini, funga vioo.