Nyasi zilinifika kifuani, maziwa yakapungua

Nina ekari mbili bondeni, huku Njombe, nyasi za asili tupu. Kwa miaka nilizifyeka Juni kwa sababu moja tu: mvua imekwisha, majani yanakauka bila kuoza. Msimu mmoja nikamwaga mbolea ya urea, mfuko kwa ekari. Nyasi zikanifika kifuani, majirani wakaja kushangaa. Nikafunga marobota ya nyasi kavu hadi yakagusa paa la banda.

Kufika Agosti, ng'ombe wanachambua. Wanakula vijani viwili vitatu, mashina wanayaacha. Kila asubuhi nazoa horini mabaki ya kuezekea kibanda, na maziwa yanazidi kupungua. Mtaalamu wa mifugo alipopita, alivunja shina moja, likalia ka! "Hapa umewatengenezea magodoro," akasema.

Kosa halikuwa mbolea peke yake. Nyasi ikishatoa mbegu, nguvu yake inaishia kwenye shina, na shina linakuwa mti. Protini ikishuka chini ya asilimia 7 hivi, vijidudu vya tumboni vinavyomeng'enya majani vinakosa chakula, na ng'ombe anakula kidogo huku tumbo limejaa. Urea ilikuwa imeziharakisha nyasi, mimi nikazisubiri hadi Juni. Nilinunua mbolea ili nivune kuni.

Wakati mzuri wa kukata ni suke linapoanza kuchungulia. Shida ni kwamba kwetu wakati huo mvua bado inanyesha, na majani yaliyofungwa mabichi huota ukungu. Kwa hiyo sasa nakata mara mbili. Katikati ya Machi nafyeka zote na kuwalisha mbichi, nikiacha kisiki cha kama kiganja ili zichipue haraka. Halafu nafunga eneo, mifugo haigusi. Machipukizi yanaanza kuchanua Mei, jua limesharudi, ndipo nayakata na kuyakausha. Yakipigwa na manyunyu nayaanika kwenye vichanja vya miti, siyaachi chini.

Mbolea ya kukuzia naiweka baada ya mkato wa Machi, ardhi ikiwa na unyevu na wingu likiwa limefunga. Urea ikibaki juu ya udongo bila mvua ya kuizamisha, jua likawaka, sehemu ya naitrojeni inapaa hewani kama amonia. CAN, mbolea nyingine ya naitrojeni, haipotei hivyo, ila mfuko wa kilo 50 una naitrojeni kilo 13 tu, wakati wa urea una 23. Piga hesabu kabla hujasema ipi ni rahisi. Na ukishaweka mbolea, ukame ukaingia ghafla, usikimbilie kulisha: majani hulimbikiza naitreti, yaani naitrojeni ambayo mmea haujaitumia, na hiyo inaweza kuua ng'ombe.

Kitu kingine nilichochelewa kukiona ni kwamba zile kunde za porini zenye majani matatu matatu zilikuwa zimetoweka. Urea ilizipa nyasi nguvu, nazo zikazifunika. Kwenye nusu ya bonde nimeacha urea kabisa. Naweka samadi iliyooza na mbolea ya fosfati ya Minjingu, ambayo kwenye udongo wetu wenye tindikali inafanya kazi vizuri. Kunde zinarudi, polepole.

Mwaka jana marobota yalipungua kama robo. Anayelalamika ni mke wangu: hori linabaki jeupe, amekosa cha kuwatandikia ndama.