Wastaafu wenye nyumba Mbagala na Newala: wapi wafupishe sala, wapi wakamilishe?

SWALI: Assalaam alaykum shekhe wetu. Mimi ni mwalimu mstaafu, nina miaka 68, mke wangu ni nesi mstaafu. Tuna nyumba Mbagala na nyingine Newala kwenye shamba la mikorosho. Kila mwaka mwezi wa sita tunaenda Newala na kigari chetu kuwahi kupiga salfa, dawa ya mikorosho, tunakaa huko mpaka mnada uishe na pesa ziingie, ndo tunarudi Dar, inakuwa Desemba au Januari. Kule Newala kuna kijana anatoa darsa, katuambia sisi muda wote huo ni wasafiri kwa sababu kwetu ni Dar, tufupishe sala za rakaa nne ziwe mbili na Ijumaa haitulazimu. Mimi nimemfuata misimu miwili, mke wangu amekataa anasali nne zake, tumefikia mahali hata sala ya jamaa humo ndani hatusali pamoja. Na huku Mbagala mzee mmoja wa msikitini anasema barabarani ndo hakuna kufupisha wala kujumuisha sala mbili kwa wakati mmoja, eti mwenye gari lake lenye kiyoyozi hana mashaka ya safari. Kwahiyo huwa tunaondoka saa nane usiku na kukimbia tuwahi Adhuhuri nyumbani. Safari iliyopita nilisinzia karibu na Mchinga gari likaacha lami, Mungu akatusitiri. Sasa mke wangu anasema hapandi tena nikiendesha mimi. Nani yuko sawa, na sala za nyuma tuzilipe?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakaatuh mzee wangu. Nilitaka nikujibu kwa ufupi lakini hapo pa Mchinga pamenikosesha raha, kwahiyo nivumilie nikirefusha.

Hawa watu wawili wamewageuzia mambo kichwa chini miguu juu. Njiani nyie ni wasafiri bila ubishi, fupisheni na jumuisheni. Mkifika Newala nyie ni wenyeji, mkirudi Mbagala ni wenyeji vilevile, hapo sala ni nne na Ijumaa iko shingoni mwako. Yaani palipo na ruhusa mmenyimwa, pasipo na ruhusa mmegawiwa bure.

Tuanze na huyo kijana wa Newala maana hoja yake inazunguka sana siku hizi kwenye klipu za WhatsApp, na vijana wanaibeba bila kujua ilikotoka. Atakwambia Mtume, rehma na amani zimshukie, alikaa Makka mwaka wa Fat-hi, yaani Makka ilipofunguliwa, siku 19 anafupisha, na hiyo kweli iko Bukhari kwa Ibn Abbas. Atakwambia Tabuk alikaa siku 20. Atakwambia Ibn Umar, sahaba wa Mtume, alikaa Azerbaijan miezi sita theluji imefunga njia, anafupisha muda wote huo. Halafu atamalizia na mwanachuoni Ibn Taymiyya kwamba yeye hakuweka idadi ya siku. Ukisikia yote hayo kwa mpigo unaona mambo yamekwisha, kumbe ndo kwanza yanaanza.

Mzee wangu, hebu waangalie hao waliotajwa walikuwa wapi na wanafanya nini. Mtume Makka ile alikuwa na jeshi, ana vita vya Hunayn mbele yake, hakuna aliyepanga kuweka makazi pale. Tabuk ni kambi ya vita. Ibn Umar anasubiri theluji iyeyuke aondoke, ingeyeyuka kesho angeondoka kesho. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amekaa kwenye baraza ya nyumba yake. Sasa wewe jina lako liko kwenye daftari la AMCOS, ushirika wa wakulima wa kijiji, una ghala lako na magunia yako, kuna mikorosho uliyoipanda mwenyewe na hujaanza hata kuivuna, mjumbe anakuita kwenye kikao, kukiwa na msiba jirani unachangia kama mwenyeji na unakaa matanga kama mwenyeji. Ikifika kwenye sala tu ndo unageuka mgeni? Hata kwa kanuni ya hao wasiohesabu siku, wanaosema kipimo ni mazoea ya watu, nenda kaulize Newala nzima kama wewe ni mpita njia, watakucheka.

Nasikia pia hoja nyingine kwamba mwisho wa msimu mtu anasubiri pesa za mnada, hajui zitaingia lini, basi yuko kama Ibn Umar na theluji yake. Kweli katika madhehebu yetu ya Shafii anayesubiri haja ambayo kila siku anategemea itimie aondoke ana nafasi ya kufupisha mpaka siku 18, na hiyo ingewahusu watu waliokwama pande za Somanga mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara Mei 2024, wako kwenye mabasi hawajui leo watavuka au kesho. Ila wewe unasubiri pesa zako nyumbani kwako. Hata zikichelewa miezi mitatu unasubiria kitandani kwako. Ruhusa ile ni ya aliye safarini, na wewe safari yako iliisha siku ulipoingia Newala.

Sasa akiwa ni kijana msomaji kweli atakuja na hoja nzito zaidi, na hii naitaja mwenyewe kabla hajanitumia. Imam Shafii kwenye kitabu chake Al-Umm ametaja kwamba Masahaba Muhajirina walifupisha Makka pamoja na Mtume hali ya kuwa baadhi yao wana nyumba na jamaa pale. Ndiyo, kwa hiyo kumiliki nyumba peke yake hakumfanyi mtu mukimu, yaani mkazi, hilo tunakubali, na ndo maana ungekuwa na kibanda Lindi mjini umekipitia tu ukalala usiku mmoja, sisi Mashafii tusingekulazimisha ukamilishe. Lakini wale walihama Makka kwa ajili ya Mungu na walikatazwa kurudi kuishi. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba Muhajir aliruhusiwa kukaa Makka siku tatu baada ya kumaliza ibada zake. Kutoka hapo ndo Imam Shafii akachukua kwamba siku tatu bado ni hukumu ya safari, na ukinuia nne kamili bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, wewe ni mukimu. Abu Hanifa yeye anasema siku 15. Haya chagua hata hiyo ya Abu Hanifa, wewe unanuia miezi sita! Na Mahanafi wenyewe wanasema mtu anaweza kuwa na miji miwili ya asili, kote ana ahli, yaani familia, na kote anakamilisha. Mahambali kwao anayepita tu mji alio na mke anakamilisha. Huyo kijana hana madhehebu ya kukimbilia kati ya manne.

Na mtu asidhani wanazuoni wa zamani hawakuwajua watu wenye nyumba mbili. Maquraishi walikuwa na safari ya kusi na ya kaskazi, yaani ya msimu wa baridi na wa joto, Qur'ani imeitaja. Vitabu vyetu kwenye mlango wa Ijumaa vimemzungumzia kabisa mtu mwenye makazi miji miwili, ahesabiwe wapi katika wale wakazi 40 wanaotimiza Ijumaa: anapokaa zaidi, ikiwa sawa basi ilipo ahli yake na mali yake, ikiwa sawa tena basi pale alipo wakati huo. Sasa mnataka Ijumaa za miezi sita kila mwaka zipotee kwa klipu ya dakika mbili?

Nije kwa mzee wa Mbagala. Huyu namuheshimu kwa umri wake lakini neno alilolisema ni zito na limekaribia kuua watu. Kwamba gari lina kiyoyozi hivyo hakuna safari! Hivi anadhani yeye ndo wa kwanza kuliwaza hilo? Ya'la bin Umayya alimuuliza Umar bin Khattab, Mwenyezi Mungu amesema mfupishe mkiogopa makafiri, na sasa watu wako salama, mbona bado tunafupisha? Umar akamjibu, nilistaajabu kama ulivyostaajabu nikamuuliza Mtume akasema ni sadaka Mwenyezi Mungu amewapa, basi ipokeeni sadaka yake. Iko Muslim. Hofu iliyotajwa kwenye aya yenyewe imeondoka na sadaka imebaki, itakuwa joto la ndani ya gari ambalo hata halikutajwa! Hukumu imefungwa kwenye safari, siyo kwenye jasho. Umbali unaotakiwa ni kama kilomita 80 hadi 90 kwa makadirio ya sasa, nyie mnakwenda zaidi ya kilomita 500. Na safari ikiwa ndefu hivi, iliyofika mwendo wa siku tatu wa zamani, hata kwetu Mashafii ambao kwa safari fupi tunapendelea kukamilisha, kufupisha ndo bora. Aliyewanyima amewanyima kilicho bora.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi. Msifupishe mkiwa bado mjini, na kwa barabara ya Kilwa mji siku hizi umerefuka, nyumba zimeshikana kutoka Mbagala mpaka Kongowe na kuendelea, kwahiyo mimi nasema subirini mpite Vikindu nyumba ziachane. Alfajiri haifupishwi, Magharibi haifupishwi. Adhuhuri ikiwakuta kwa mfano Nangurukuru, salini mbili za Adhuhuri halafu papo hapo mbili za Alasiri mkiwa mmenuia kujumuisha, mle, mpumzike. Mkiunga jamaa nyuma ya imamu mwenyeji wa pale, salini nne pamoja naye, hamna kukata katikati. Na mkiingia Newala hamjasali, hata kama mlinuia kuchelewesha, hapo ni nne nne.

Kuhusu za nyuma. Zile za njiani mlizosali nne ni sahihi, hakuna hata mwanachuoni mmoja wa kwetu atakayewaambia mrudie. Za Newala ulizofupisha wewe, wapo masheikh wenzangu watakaosema lipa, na ndani ya madhehebu kauli yao ina nguvu, sitaki nikufiche. Mimi sikulazimishi. Ulimuuliza mtu uliyemdhania ana elimu ukafuata alichokwambia, na mtu wa kawaida madhehebu yake ni ya aliyempa fatwa. Leta istighfari, anza kukamilisha leo, na ukitaka kulipa kidogo kidogo baada ya kila faradhi kwa ajili ya utulivu wa moyo wako ni jambo jema. Mama hana cha kulipa, yeye ndo alikuwa sawa muda wote huo na nadhani unastahili kumwambia hivyo kwa mdomo wako.

Na hilo la kuacha kusali pamoja limeniuma kuliko rakaa zenyewe. Hata kama kila mmoja angebaki na rai yake, nani aliwaambia jamaa imevunjika? Wewe ungesali mbili ukatoa salamu, yeye akainuka akamalizia mbili zake, sala zenu zote mbili zinakubalika kwa mwenye rai hiyo. Sayyidna Uthman alisali nne Mina wakati wa Hija, Ibn Mas'ud akamlaumu, halafu akasimama nyuma yake akasali nne. Akaulizwa mbona hivyo, akasema kutofautiana ni shari. Na mama yetu Aisha alikuwa anakamilisha safarini wakati wenzake wanafupisha, hatukusikia kwamba alisusiwa.

Sasa Mchinga. Umeandika kama jambo la kupita tu, mstari mmoja, lakini mimi nimebaki nalo. Mtu wa miaka 68 anatoka Mbagala saa nane usiku hajalala, anashindana na malori mpaka Lindi, halafu bado Mingoyo, Ndanda, Masasi ndo apande Newala. Kwa ajili ya nini, kwa ajili ya kuwahi sala ambayo Mola wake ameshamruhusu aisali Nangurukuru rakaa mbili! Mtume amesema mmoja wenu akisinzia naye yuko kwenye sala basi akalale mpaka usingizi umtoke, asije akataka kuomba msamaha akajikuta anajitukana. Hiyo ni sala, umesimama kwenye mswala wako, ukianguka utaumia goti. Kama kule umeambiwa kalale, kwenye usukani na mke wako pembeni na lori la saruji linakuja mbele utaambiwaje? Mwenyezi Mungu amesema msijitie kwa mikono yenu kwenye maangamizi, na kuendelea kuendesha huku unajua macho yamekuwa mazito kunaingia humo, ni dhambi, sisemi makuruhu.

Kwahiyo ondokeni baada ya Alfajiri mkiwa mmelala vizuri. Laleni Lindi, gesti za kawaida zipo, mtaendelea kufupisha maana usiku mmoja haukutoi kwenye safari. Au mmoja wa vijana wenu awapeleke, nyie mumlipe hata nauli ya kurudi. Au pandeni basi, kigari kibaki Mbagala, salfa itakusubiri siku moja.

Na mama akisema hapandi ukiendesha wewe, usithubutu kumwita nashiza, yaani mke muasi, na yeyote atakayekutajia hadithi za utii wa mke hapo mwambie mimi nimekataza. Mume hana haki ya kumlazimisha mkewe kwenye hatari, mafakihi wameshasema mke halazimiki kufuatana na mumewe kwenye safari yenye khofu. Yeye ni nesi, ameona waliotolewa kwenye ajali wewe hujawaona. Akitaka mwaka huu abaki na wajukuu nawe uende peke yako kwa basi, au mshike mtu wa kupiga salfa mumlipe, kaeni mshauriane, hiyo ni haki yake.

Jambo dogo la mwisho kabla sijasahau: andikeni wasia. Shamba liko Newala, watoto wako Dar, hela ziko AMCOS na pengine deni la pembejeo liko huko pia, na hakuna anayejua hesabu isipokuwa wewe. Muislamu mwenye kitu cha kuusia hatakiwi alale masiku mawili isipokuwa wasia wake umeandikwa, na hiyo ni kwa aliye nyumbani, sembuse nyie wa barabara ya Kilwa kila msimu. Deni liandike kwanza.

Na huyo kijana wa Newala akitaka kunijibu mkaribishe, ila mwambie aje na kitabu asije na klipu. Wallahu aalam.