Binti yangu anajiona mnene na mifupa inaonekana, nifanyeje?

Dada, pole sana. Umesema binti yako wa miaka 16 husimama mbele ya kioo akijifinya ngozi ya mkono, na mama mkwe anakulaumu kwa malezi. Lawama hiyo usiibebe. Ugonjwa huu wa kujinyima chakula (anorexia) hauletwi na mzazi mmoja. Kuna urithi, kuna hofu, kuna maneno ya watu.

Usibishane naye kuhusu kioo. Anachokiona ni kweli kwake, na njaa yenyewe huzidisha. Kati ya 1944 na 1945 huko Minnesota, Marekani, wanaume 36 wenye afya walijitolea kupunguziwa chakula katika utafiti kwa takriban miezi sita. Wakawa wanawaza chakula kutwa, wakajitenga, wakawa wepesi wa hasira. Kwa hiyo ukali wake mezani usiuone dharau.

Mwambie tu: "Naona unateseka, niko nawe." Kaa naye hadi amalize kula, mkiongea mambo mengine kabisa. Na maneno ya uzito yakome nyumbani, hata ya sifa. "Umepungua, umependeza" niliambiwa na shangazi nikiwa mdogo, bado nalisikia.

Daktari amwone wiki hii. Akizimia au moyo ukipiga polepole mno, mpeleke saa hiyo hiyo. Ulizia tiba ya kifamilia iliyoanzia hospitali ya Maudsley, London, miaka ya 1980: mwanzoni wazazi ndio husimamia milo. Baba yake naye aje.